Aliyebaki Masasi

Usiku wetu wa kwanza Caia, Msumbiji, treni ya makaa ya mawe ilipita nyuma ya nyumba ikitoka Moatize kwenda Beira, na kitanda kikatetemeka. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka miwili, akaamka akilia. Nikampakata, nikaanza kuhesabu mabehewa kwa mngurumo wake ili nipate la kufanya. Nilipofika sitini nikaacha, na treni ilikuwa bado inapita. Mume wangu hakusikia kitu, alikuwa amezama usingizini baada ya siku nne za mabasi kupitia Malawi. Nilidhani niko macho peke yangu, mpaka mtoto wa kati, mvulana wa miaka saba, aliponiuliza kutoka gizani: "Mama, dada naye anaisikia?"

Dada yake alikuwa Masasi, kwa bibi yake. Nilimjibu kwamba Masasi ni mbali, treni hii haisikiki huko. Akanyamaza. Nadhani alikuwa anajua jibu, ila alitaka mtu amtaje dada yake kwa sauti, kwa sababu tangu tuvuke mpaka hakuna aliyekuwa amemtaja.

Ilikuwa Agosti 2019. Mwezi wa tatu mwaka ule kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira na kuizamisha nchi ya chini ya mito ya Buzi na Pungwe, na kwenye makanisa yetu ya kusini mwa Tanzania ikasomwa barua: wanahitajika mafundi wa kujitolea Msumbiji. Mume wangu ni fundi wa pampu za visima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Alirudi nyumbani jioni ile akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaona barua ile imemtaja yeye, ingawa haikutaja jina la mtu. Nilimwamini. Hata leo namwamini, na sitaki yeyote anayesoma maneno haya adhani kwamba naandika kuukana wito ule. Tulikwenda kwa moyo wote, tukakaa miaka mitatu na zaidi, na visima vilivyofufuliwa vipo, watu wanateka maji. Ninachotaka kusema ni jambo jingine. Wito ulimwita mtu mmoja, tukaitika watu watano, na mmoja wa hao watano aliitika kwa kubaki.

Alikuwa darasa la sita. Mwaka uliofuata angefanya mtihani wa darasa la saba, na kumhamishia kwenye shule za Kireno wakati huo ingekuwa kumrudisha darasa la kwanza. Mama yangu akasema, "Niachieni mjukuu wangu." Mchungaji akaona ni busara. Mimi mwenyewe, mwalimu, niliona ni busara kuliko wote. Tulimkalisha tukamweleza, naye akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mama." Neno hilo nimeliweka masikioni mwangu miaka yote hii nikilipima. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mbele ya baba, mama, bibi na mchungaji, angesema neno gani lingine?

Asubuhi ya kwanza niligundua kwamba kopo la chumvi lilikuwa limepasukia kwenye mzigo, limechanganyika na sabuni ya unga. Mkaa wenyewe ulikuwa haujanunuliwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaza pa kuanzia, mara nikamwona mama mmoja mtu mzima anavuka uwanja, mkono mmoja ameshika kaa la moto kwenye kigae cha chungu, mkono wa pili amefumba kitu. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni akasema, "Licença." Ndiyo hodi yao. Nilipomkaribisha akaliweka kaa chini, akaufumbua mkono wa pili: chumvi ya mawe, kwenye kipande cha gazeti. Hakuwa na Kireno kingi na mimi sikuwa nacho kabisa. Alinionyesha moto akasema "moto", nami nikasema "moto", tukatazamana. Akaonyesha ndoo: "madzi". Akagusa ukuta: "nyumba". Akamgusa mwanangu kichwani: "mwana". Ndipo nikakaa chini, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugeni wote isipokuwa huo wa kukuta maneno ya kwetu yamefika kabla yangu.

Kisena, lugha ya Caia, kina neno la shukrani ambalo lilinichukua miezi kulielewa. Wanasema "takhuta". Nililitumia kila siku kama asante tu, mpaka nilipogundua kwamba kukhuta kwao ni kushiba. Siku ile ya kwanza nilimwambia yule mama asante kwa Kiswahili. Hajawahi kunidai chumvi yake. Watoto wangu wakamwita vovó, yaani bibi, kama watoto wote wa mtaa walivyomwita, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Nyumba ya misheni, ukiitazama kutoka nje, ni nyumba ya kazi. Watu wa kwetu waliotuombea walikuwa wanauliza visima vingapi. Lakini saa nyingi za siku zilikuwa saa za nyumba yoyote: mkaa umelowa, daftari limepotea, mdogo ana kikohozi, posho imechelewa na unga umebaki kilo mbili. Nilijifunza kununua pende, samaki wa Zambezi, asubuhi kabla jua halijawaharibu. Nilijifunza kwamba kisamvu kwao ni matapa, na kwamba nikikipika kwa nazi na karanga, vovó hula bila kusema neno mpaka sahani iwe nyeupe. Kati ya hayo hakuna hata moja linaloandikwa kwenye ripoti. Nami nilikuwa mwandishi wa ripoti zenyewe, kila baada ya miezi mitatu.

Mtoto wa kati alianza shule mwezi wa pili, mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa. Wiki ya kwanza hakusema neno. Wiki ya pili akarudi anakimbia, begi linampiga mgongoni. "Mama! Mwalimu amesema meza!" Alikuwa amekaa siku kadhaa katika mvua ya maneno asiyoyajua, na ghafla neno moja likamwangukia mkononi. Kesho yake akaleta bandeira, nikamwambia ni bendera. Keshokutwa akaleta lenço, tukakubaliana ni leso. Nilimweleza kwamba Wareno walifika pwani yetu zamani, wakaondoka, wakaacha maneno hayo. Akawaza kidogo, akasema atayakusanya yote ampelekee dada. Alikuwa na ukurasa maalumu nyuma ya caderno yake, yaani daftari, na juu ya ukurasa ule ameandika jina la dada yake kwa herufi kubwa.

Ukurasa ule ulijaa, lakini dada yake aliuona baada ya miaka mitatu.

Siku moja ya Jumamosi mume wangu alimchukua mtoto huyo kwenda naye kijijini. Kulikuwa na pampu ya Afridev iliyokuwa haipandishi maji. Ukivuta mkono wake mara ishirini unapata kikombe. Pampu hizo zilibuniwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuzifungua kwa spana moja, na kazi ya mume wangu haikuwa kuzitengeneza bali kuwafundisha kina mama wa kamati ya maji kuzitengeneza bila yeye. Walifungua kichwa cha pampu, wakatoa fimbo za chuma moja baada ya nyingine, wakazipanga juu ya mkeka zisiingie mchanga. Mama mmoja akaipokea pistoni, akaipangusa kwa ncha ya capulana yake, yaani kanga, akaigeuzageuza juani. Akasema, "Borracha." Mume wangu hakulijua neno. Mtoto akasema, "Kifutio, baba. Anasema ni kifutio." Baba akacheka akidhani amekosea. Lakini yule mama alikuwa anaonyesha mpira wa pistoni kwa kidole, ule mpira mweusi wa duara, na ukingo wake ulikuwa umelika kama ukucha uliotafunwa. Borracha ni mpira. Cha kufutia penseli ni borracha na cha kuzibia maji ni borracha. Wakatia mpya. Mtoto ndiye aliyepewa kuvuta mara ya kwanza, na maji yakaja kwa mvuto wa saba.

Nimeieleza siku hiyo kwa urefu kwa sababu zilikuwa chache. Siku nyingi baba alirudi giza limeingia, miguu imevimba, akala akiwa anasinzia. Mdogo alikuwa na mpira wa makaratasi na kamba ambao alimletea kila jioni hadi magotini. Kila jioni aliambiwa kesho. Sisemi haya kumshitaki mume wangu. Mimi pia nilikuwa na kesho zangu. Mtu akifanya kazi ya kulipwa hujua saa ya kutoka. Kazi ya kujitolea haina mwisho wa saa za kazi, na ukiipenda ni vigumu zaidi, kwani kila unapokaa chini kuna kijiji kinachokunywa maji ya dimbwi. Unampimaje mtoto mwenye mpira wa makaratasi dhidi ya kijiji? Nimelijaribu swali hilo mara nyingi, na nimegundua kwamba kosa liko kwenye mizani. Mtoto hakuomba kupimwa.

Simu ilikuwa Jumapili. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolitarajia ni kwamba ndani ya mwaka mmoja mtoto wa kati angekuwa anahesabu saa kama wenyeji wake, kuanzia usiku wa manane, akitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno. Jumapili moja alizungumza na bibi yake kabla yangu, akamwambia, "Jumapili ijayo tutapiga saa saba." Alimaanisha sete ya jioni. Bibi yake alisikia saa saba ya mchana. Jumapili ile, baada ya ibada, binti yangu alikataa kwenda kwa wenzake, akakaa chini ya mwembe na simu ya bibi mapajani tangu saa saba mchana. Sisi tulipiga baada ya chakula cha jioni, kwao ikiwa saa mbili usiku. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Hakulalamika. Aliniuliza hali, akaniambia mwembe umeanza kuzaa. Ni mama yangu aliyenieleza, wiki mbili baadaye, kwamba mtoto alikaa pale saa saba nzima.

Ilikuwa kwa simu vilevile nilipojulishwa kwamba amevunja ungo. Jambo lilikuwa na siku tatu tayari. Mama yangu alizunguka kwanza, akasalimia mpaka kuku, ndipo akalisema. Kwa desturi zetu si mama anayemfunda binti. Ni bibi, ni somo, ni kina shangazi. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, kila kitu kilifanywa kwa utaratibu wake na waliostahili kukifanya. Lakini mama huwa yupo. Yuko jikoni anapika, anasikia vigelegele kupitia ukutani, na mtoto aliye ndani anajua kwamba sauti ile ya sufuria ni ya mama yake. Nilikata simu nikatoka nje. Vovó alikuwa anapeta mchele. Sijui aliona nini usoni mwangu, kwa sababu sikumweleza kitu na Kisena changu kisingeweza. Alisogea kwenye mkeka akaniachia nafasi, akanipa ungo wa pili. Tukapeta mpaka jua likazama.

Mwezi wa saba mwaka 2021 tulikwenda Chupanga. Ni kwenye ukingo wa kusini wa Zambezi, chini ya Caia kuelekea baharini, na pale kuna kaburi la Mary Livingstone. Nilitaka kulifikia tangu nilipojua liko karibu. Kila mtoto wa Tanzania amefundishwa habari za David Livingstone: jinsi Susi na Chuma na wenzao walivyoubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, ukasafirishwa mwaka 1874 kwenda kuzikwa London kwa heshima kubwa. Sikumbuki kufundishwa kwamba alikuwa na mke. Kwangu hata hivyo kulikuwa na sababu ya karibu zaidi. Sisi wa Masasi tulipata ukristo kwa mkono wa misheni ya UMCA, na misheni ile, kabla ya kuhamia Unguja mwaka 1864 na kufika kwetu Masasi mwaka 1876, ilianzia upande huu wa Zambezi na Shire, nayo ilianza kwa mazishi. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 31, 1862. Dada yake alikuwa wakati huohuo njiani kuja kumtunzia nyumba. Alifika na mizigo yake mdomoni mwa mto, pamoja na mke kijana wa mmisionari mwingine, wanawake wawili waliokuja kupika na kufua na kushona mapazia, wakaja kujua baadaye kwamba yule askofu na yule mume wamekwishazikwa. Katika chombo hichohicho alikuwamo Mary Livingstone, anamfuata mumewe.

Mary hakuwa mgeni wa Afrika. Alizaliwa Griquatown mwaka 1821, akakulia Kuruman, binti wa wamisionari. Kwake Afrika ndiyo ilikuwa nyumbani na Uingereza ndiyo ugenini. Alivuka jangwa la Kalahari na mumewe akiwa mjamzito, zaidi ya mara moja. Mwaka 1850 alizika mtoto wa wiki chache. Mwaka 1852, Cape Town, mumewe alimpandisha meli na watoto wanne kwenda Uingereza, yeye akageuka kaskazini, na hawakuonana mpaka Desemba 1856. Alipofika Zambezi mwaka 1862 watoto walikuwa wamebaki Uskoti. Alikaa na mumewe miezi isiyozidi mitatu. Alikufa Aprili 27 mwaka huo, akazikwa chini ya mbuyu. Mumewe yuko London. Yeye yuko pale, peke yake, na mto.

Tulisimama kimya. Mtoto wa kati akauliza, "Watoto wake walikuwa wapi?"

Nilimwambia Uskoti, kwa ndugu. Akauliza kama walikuja baadaye kuliona kaburi. Sikumwambia yote niliyokuwa nimeyasoma. Sikumwambia kwamba mkubwa wao, Robert, aliyekuwa na miaka sita tu alipopandishwa meli, alikuja Afrika kumtafuta baba yake mwaka 1863, akafika Natal, asiweze kumfikia. Kwamba alikwenda Marekani, akajiandikisha jeshini kwa jina lisilo lake, akafa kifungoni huko North Carolina mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa. Kijana ambaye ulimwengu mzima ulilijua jina la baba yake alikufa akiitwa jina jingine.

Livingstone mwenyewe aliandika, akiwa mtu mzima, kwamba anajuta kutotenga muda wa kucheza na wanawe walipokuwa wadogo. Jioni alikuwa amechoka. Nilimsomea mume wangu jambo hilo usiku ule tuliporudi Caia. Hakujibu. Treni ilipita, tukaisubiri imalizike. Kisha akaniuliza ule mpira wa makaratasi uko wapi. Nikamwambia mtoto amelala, ni saa tano. Akasema anajua, anataka tu kuuona. Akauchukua, akakaa nao kitandani akikaza kamba zake zilizolegea, fundo moja baada ya jingine, kwa vidole vyake vilivyojaa makovu ya spana. Wiki ile alicheza nao mara mbili. Mwezi uliofuata sikumbuki kama alicheza. Lakini kamba zile hazikulegea tena.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, ya Wazungu waliokuwa na meli na miezi mingi ya bahari. Sisi tulikuwa na simu mfukoni. Nami nilijiambia hivyo kwa muda mrefu. Lakini barua ya Mary kwenda Uskoti na simu yangu kwenda Masasi zilikuwa zinafanya kazi moja, na zote mbili hazikuweza kuona kama mtoto amekonda. Nimewasikia viongozi wa kanisa wakisifu familia zinazotumwa, wakisema Mungu atawalea wale walioachwa. Nami naamini. Ila natamani kila barua ya wito, kabla haijasomwa madhabahuni, isomwe kwanza jikoni mbele ya watoto, na mtoto apewe nafasi ya kusema neno tofauti na sawa. Hata akilisema, huenda tungekwenda. Lakini tungekwenda tukilijua.

Tulirudi Desemba 2022. Siku ya kuondoka vovó hakuja mlangoni; alikaa uani kwake ametupa mgongo, na mdogo akaenda akamkumbatia shingo kwa nyuma. Alikuwa na miaka mitano, na huyo ndiye bibi aliyekuwa anamjua. Tulipofika Masasi, alitangulia mbio hadi mlangoni kwa mama yangu, akasimama, akasema, "Licença." Mama yangu alikuwa ndani. Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha nikasikia sauti yake: "Karibu, mume wangu. Mbona umekawia?"

Binti yangu alitoka nyuma yake. Alikuwa amenipita kimo. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, mama," akapokea mkoba wangu kwa mikono miwili kama anavyopokelewa mgeni wa heshima. Nilimkumbatia, naye akajiachia, lakini baada ya muda kidogo. Jioni nikasema leo napika mimi. Niliingia jikoni kwa mama yangu, jikoni nilimojifunza kupika, nikabandika sufuria, nikatia mboga, nikanyoosha mkono kwenye rafu. Palikuwa na makopo nisiyoyajua. Nilifungua moja, la pili, la tatu.

"Chumvi iko wapi?" nikauliza.

"Tuliihamisha, mama," akasema. Akapita mbele yangu, akainama nyuma ya kinu, akaitoa.